Muulize Daktari wa Moyo: Nimejifungua, mbona nikilala chali nakosa pumzi?

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari minne tu habari ya kina mama wanaovimba miguu na kukosa pumzi baada ya kujifungua, na hiyo mistari minne imeniletea barua nyingi kuliko mada yoyote niliyowahi kuandika hapa. Kwa hiyo safu ya mwezi huu yote ni ya hilo. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Shikamoo dokta. Nina miaka 33, nimejifungua mapacha sasa hivi wiki ya sita, kwa operesheni manake presha ilipanda. Wiki ya pili tu nikaanza kukohoa usiku, nikilala chali nakosa pumzi mpaka niamke nikae kitako, mama mkwe akasema nimekandwa vibaya, nikaenda zahanati nikapewa dawa ya kikohozi, nikarudi nikapewa ya pumu na mimi pumu sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Miguu imevimba nikibonyeza panabaki shimo. Juzi ndo nikapelekwa hospitali ya rufaa wakanipima eko, wakasema moyo umetanuka, ni moyo wa uzazi. Karatasi imeandikwa EF 28%, upana wa chumba cha kushoto sm 5.8, vali inavuja kidogo, donge la damu hakuna. Sijaelewa kitu. Nitakufa niwaache hawa watoto? Na ninyonyeshe au niache? – Mama Pacha, Mbagala

Marahaba mama, na hongera sana kwa mapacha. Nianze na swali la kufa kwa sababu najua ndo linalokunyima usingizi kuliko hata hicho kikohozi. Kuna daftari kubwa la wagonjwa wa aina yako lililokusanywa na wataalamu wa moyo, Profesa Karen Sliwa wa Cape Town akiwa mbele, kina mama 739 kutoka nchi 49, matokeo yakatoka 2020. Mpaka miezi sita baada ya kugundulika, kati ya kila 100 walikuwa wamefariki kama 6, na karibu nusu yao, 46 kati ya 100, moyo ulikuwa umesharudi. Sikufichi, ugonjwa ni wa hatari na sio wa kuukalia nyumbani, lakini ni katika magonjwa machache ya misuli ya moyo ambayo moyo uliochoka hivyo unaweza kurudi kuwa mzima kabisa, na wewe umeshagundulika, umeshavuka pale ambapo wenzako wengi wanakwama.

Sasa tuisome hiyo karatasi pamoja.

Eko ni ultrasaundi ileile uliyopimwa ukiwa mjamzito, ila safari hii inaangalia moyo. Nadhani uliona, taa zinazimwa ili skrini ionekane, unalalia ubavu wa kushoto, mkono umeuweka chini ya kichwa, unapakwa jeli kifuani (ya baridi, wengi wanashtuka), halafu yule anayekupima anakibana kile kidude katikati ya mbavu. Kinatoa sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga moyo na kurudi, mashine inaichora. Hakuna mionzi hata chembe, haimdhuru mtoto wa tumboni wala maziwa. Na kwa wale wasioweza kulala tunawapima wamekaa vilevile, nimewapima wengi hivyo, bibi amesimama pembeni na mtoto amefungwa khanga.

Kwenye skrini moyo mzima unauona ukuta wake unakunjana na kunenepa kila pigo, chumba kinakaribia kufungika. Moyo uliochoka ukuta unatikisika tu, kama pazia la dirisha siku ambayo upepo ni mdogo. Chumba kimekuwa kipana, cha mviringo kama mpira, na ile vali, yaani mlango wa damu kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ambayo kawaida inafunguka mpaka inakaribia kugusa ukuta wa katikati, inafunguka nusunusu kwa sababu damu inayopita ni kidogo. Mtu ukishauona moyo wa namna hiyo mara moja huusahau.

EF ndo hesabu ya hicho nilichokueleza. Ni asilimia ya damu inayotoka kila moyo unapobana. Tuseme chumba chako kikijaa kina mililita 100, mtu mzima wa afya angetoa 55 mpaka 70, wewe unatoa 28, zinabaki 72. Sasa damu isiyosukumwa mbele inarundikana nyuma, nyuma ya chumba hicho ni mapafu, ndo kikohozi kinapotoka hapo. Ukilala chali maji yaliyokuwa miguuni yanarudi kifuani, moyo hauyamudu, mapafu yanajaa, unaamka unakaa kitako na unapata nafuu. Pumu haina hiyo tabia ya kutulia kwa kukaa tu. Tangu 2010 wataalamu wamekubaliana kwamba mama akipata moyo kushindwa kazi mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, EF ipo chini ya 45% na sababu nyingine haionekani, basi huo ndo moyo wa uzazi. Hayo maneno ya "sababu nyingine haionekani" ni muhimu sana, nitayarudia kwenye barua ya tatu.

Hiyo 5.8 ni upana wa chumba kikiwa kimejaa. Wanawake wengi huwa hawavuki 5.3 hivi. Na hapa nikuambie kwa nini namba hizi mbili zinatazamwa pamoja. Marekani waliwafuatilia kina mama 100 kwa mwaka mzima kuanzia wiki za mwanzo baada ya kujifungua, matokeo yakachapishwa 2015. Wale walioanza na EF chini ya 30 na upana wa 6.0 kwenda juu, hakuna hata mmoja ambaye moyo wake ulirudi kufika 50% mwaka ulipoisha. Wale walioanza na EF ya 30 kwenda juu na upana chini ya 6.0, walirudi 91 kati ya 100. Wewe upo katikati: EF imeshuka chini ya 30, ila chumba hakijafika 6. Kwa hiyo sikuahidi na wala sikukatishi tamaa, nakuambia bado una nafasi nzuri na dawa usikose hata siku moja.

Vali kuvuja kidogo kusikutishe. Mlango haujaharibika, ni fremu iliyotanuka, chumba kikipanuka zile mbawa za vali hazikutani vizuri katikati na damu inarudi nyuma, kwenye eko inaonekana kama moto wa rangi unaorudi juu. Moyo ukinywea na uvujaji unapungua wenyewe. Sio habari ya operesheni.

Donge la damu ndo kitu ninachokitafuta kwa muda mrefu kuliko vyote ninapompima mama kama wewe. Damu isiyotoka inatulia kule kwenye ncha ya moyo kama maji kwenye kona ya mtaro, inaganda, na mama aliyetoka kujifungua damu yake huwa rahisi kuganda kuliko siku zote. Likichomoka linaenda kwenye ubongo, hapo ni kiharusi. Katika wale 739, kina mama 7 kati ya 100 walipata shida ya damu kuganda. Umeambiwa hakuna, alhamdulillahi, ila kwa EF ya 28 muulize daktari wako waziwazi kama unahitaji dawa ya kuzuia damu isigande, usisubiri akukumbuke.

Kunyonyesha. Dawa za kawaida za moyo kama enalaprili na spironolaktoni, mama anayenyonyesha anatumia, zinazoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. (Ukiwa mjamzito ndo enalaprili hairuhusiwi, inamwumiza mtoto figo, wanaosoma hapa wakiwa na mimba tafadhali lishikeni hilo.) Kinacholeta mjadala ni bromokriptini. Maelezo yake ni kwamba homoni ya maziwa, prolaktini, inaweza kukatwa mwilini ikatoa kipande kinachoharibu mishipa midogo ya moyo, wanasayansi wa Ujerumani walilionyesha hilo 2007, na bromokriptini inazuia hiyo homoni isitoke. Afrika Kusini walijaribu kwa kina mama 20, mwaka 2010, waliopata dawa EF ilipanda kutoka 27 mpaka 58, wasiopata kutoka 27 mpaka 36. Ujerumani 2017 wakawapa kina mama 63, wengine wiki moja, wengine wiki nane, EF ikapanda kutoka kama 28 mpaka karibu 50 pande zote mbili na hakufariki mtu. Inatia moyo kweli, ila ni watu wachache, na wa Ujerumani wote walipewa dawa, hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Halafu inakata maziwa, na inaongeza hatari ya damu kuganda kwa hiyo haitolewi bila dawa ya kuzuia kuganda. Mapacha wa wiki sita, maziwa ya kopo kila siku, maji ya kuchemsha, hela, yote hayo yanawekwa mezani na daktari wako, wewe na mumeo. Tafadhali usiende kujinunulia duka la dawa.

Na mama mkwe, mwambie kwa upole, kukandwa hakujaharibu moyo wako. Kaskazini mwa Nigeria, kule Zaria, madaktari miaka ya 1970 waliwaona wanawake wengi wa Kihausa wana ugonjwa huu, kama mzazi mmoja kati ya 100 wakati Afrika Kusini ni kama mmoja kati ya 1,000, wakashuku ile mila ya siku arobaini ya kuoga maji ya moto sana, kulala kwenye kitanda cha udongo kilichowashiwa moto chini na kula uji wa chumvi ya magadi. Tafiti za baadaye hukohuko hazikuthibitisha kwamba mila ndo chanzo. Yanayoonekana kila mahali ni presha ya mimba, mapacha, umri kusogea, kuzaa mara nyingi, na kwa baadhi ni urithi wa damu. Wewe una mawili hapo, presha na mapacha. Ila mtori anaokupikia apunguze chumvi, chumvi inavuta maji na hayo maji ndo yanayokukosesha pumzi.

Dokta, mke wangu aliugua huo moyo wa uzazi mwaka huu, EF ilikuwa 30. Amepona, anapanda ngazi, anabeba ndoo, amerudi gengeni kwake. Sasa kila miezi wanataka eko tena na eko ni hela. Dawa zenyewe naona ameanza kuziruka. Kuna ulazima? – Baba Neema, Mwanza

Ulazima upo kaka, na hizo dawa tuanze nazo leo jioni.

Kupona kwa kusikia na kupona kwa moyo ni vitu viwili. Dawa ya kukojoa ikishamaliza maji mtu anapumua vizuri, anabeba ndoo, na ukimweka kwenye eko unakuta EF ipo 35. Nimewaona kina mama wa hivyo, wanacheka wanapanda kitandani, mimi naangalia skrini nanyamaza. Akiacha dawa hapo maji yanarudi, na safari hii huenda yakarudi kwa nguvu. Eko ndo inayotuambia kama tupunguze, tuongeze au tuendelee vilevile. Wengi wanaorudi hurudi ndani ya miezi sita, wengine wanachelewa mpaka mwaka au zaidi, ndo maana tunapima wiki ya 6, mwezi wa 3 hivi, wa 6 na mwaka. EF ikibaki 35 au chini baada ya miezi ya dawa kamili, kuna hatari ya moyo kubadilisha mapigo ghafla, hapo mazungumzo ya kifaa cha kulinda moyo, kile kinachopandikizwa mwilini kurudisha mapigo yakiharibika, yanaanza, na huwezi kuyaanza kama hujapima.

Ushauri wa kubana matumizi: nenda na karatasi za zamani zote. Ikiwezekana mpimeni sehemu ileile, mashine ileile. Hii EF inapimwa kwa macho na mkono wa mtu, wapimaji wawili siku moja wanaweza kutofautiana pointi tano mpaka kumi, kwa hiyo ukiona 52 imekuwa 48 usianze kulia, na ukiona 30 imekuwa 34 usichinje mbuzi. Mwelekeo wa karatasi tatu nne ndo unaosema kweli. Na hela ikikwama, kabla ya kumrudisha mgonjwa nyumbani nenda dirisha la ustawi wa jamii hospitalini, waelezeni hali, wapo kwa ajili hiyo.

Mimi ni tabibu kituo cha afya Rukwa, eko hatuna, tuna ultrasaundi ya wajawazito tu na eksirei ipo wilayani. Tunapata wazazi wanaobanwa pumzi, tunajua kuna nimonia, TB, upungufu wa damu, sasa tunatofautishaje na tusimpe rufaa kila mtu? – Tabibu

Nimefurahi kuliko unavyodhani kuona swali hili, manake ninyi ndo mnaomwona huyu mama wa kwanza, mimi nakuja kumwona amechelewa wiki tatu.

Kwanza, usiidharau hiyo mashine ya wajawazito. Probu yake ya tumbo, yaani kile kidude cha kupimia, haikutengenezwa kwa ajili ya moyo, huwezi kupima kila kitu, ila iweke chini ya kifua pale chembe ya moyo, uielekeze juu kuelekea bega la kushoto, bonyeza kidogo, moyo utauona. Jiulize maswali ya mtu wa kawaida tu: chumba cha kushoto kinabana au kinatikisika? Kuna maji meusi yameuzunguka moyo? Halafu pitisha probu pembeni mwa mbavu kulia na kushoto chini, kuna maji juu ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo? Ukipanda juu kwenye mapafu ukaona mistari myeupe inashuka kutoka juu mpaka chini ya skrini kama miale, mingi, pande zote mbili, hayo mapafu yameloa. Nimonia mara nyingi inakuwa upande mmoja au sehemu moja. Mkibahatika kupata mashine yenye probu ya moyo, hata hivi vya kuchomeka kwenye simu, pimeni ule umbali kati ya ncha ya vali ya mitrali (ileile ya kushoto niliyomweleza Mama Pacha) ikifunguka na ukuta wa katikati. Ukizidi milimita 7, moyo huo una uwezekano mkubwa kuwa umechoka. Sio kipimo cha kumaliza kesi, lakini kwa rufaa kinatosha.

Eksirei ya kifua itakuonyesha moyo mkubwa na mapafu yaliyojaa, ila haikuambii ni kwa nini. Na msiogope kumpiga mjamzito anayebanwa pumzi eksirei ya kifua, mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno, kumkosea mama ugonjwa ndo hatari kubwa.

Kuna kitu kimoja cha huku kwetu ambacho vitabu vya Ulaya vinakipita haraka. Vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Binti hajui kama anayo, anabeba mimba, damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, vali iliyosinyaa haiipitishi, mapafu yanajaa. Kwa nje huyu na wa moyo wa uzazi wanafanana kabisa, wote wanakohoa, wote wanalala wamekaa. Tofauti ya kwanza ni lini: wa vali mara nyingi anabanwa katikati ya mimba huko, miezi ya tano na sita, wa moyo wa uzazi wengi ni baada ya kujifungua. Tofauti ya pili ipo kwenye picha, na ni kubwa: wa vali, chumba cha chini kinabana vizuri tu, chumba cha juu ndo kimefura kama puto, na vali ni nene, inafunguka kwa tundu dogo kama mdomo wa samaki. Matibabu yao ni tofauti kabisa, yule anaweza kuhitaji vali ipanuliwe, huyu anahitaji misuli isaidiwe. Ndo maana nasema kwamba "moyo wa uzazi" ni jina ambalo halitolewi kabla ya picha.

Na sio rufaa kwa kila mtu. Mzazi asiyeweza kulala chali, anayeamka usiku kutafuta hewa, mapigo zaidi ya 100 akiwa ametulia, mishipa ya shingo imesimama, huyo ni rufaa siku hiyohiyo, amekaa kwenye gari, na sindano ya kukojoa ameshapewa kama presha inaruhusu. Akibanwa ghafla, maumivu kifuani na mguu mmoja umevimba, fikiria donge la damu kwenye mapafu, hiyo nayo haisubiri kesho.

Assalaam aleykum daktari. Dada yangu ana moyo wa uzazi, amepimwa eko mara mbili, sasa hapa hospitalini wataka afanyiwe MRI ya moyo. Ana mtoto wa miezi mitatu, yuwanyonyesha. Hii MRI yaongeza nini ambacho eko haijaona, na hiyo dawa wanayodunga yafika kwa mtoto? – Msomaji wa Likoni, Mombasa

Waaleykum salaam. Eko inatosha kwa wagonjwa wengi, hilo aelewe kwanza. MRI, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inaombwa pale eko haikuonyesha vizuri, au ncha ya moyo haikuonekana na kuna wasiwasi wa donge, au madaktari wanashuku ugonjwa mwingine, mathalan misuli ya moyo iliyoshambuliwa na virusi. Vipimo vya ukubwa na EF vinatoka sahihi zaidi, halafu ile dawa inayodungwa, gadoliniamu, inabaki kwenye sehemu yenye kovu na kuing'arisha, hapo unaona kama misuli imechoka tu au imekufa ikawa kovu. Katika wale kina mama wa Marekani niliowataja juu, 40 walifanyiwa MRI na wengi mno hawakuwa na kovu lolote. Mimi hilo lilinifurahisha sana nilipolisoma, kwa sababu misuli isiyo na kovu ina pa kurudia.

Kunyonyesha aendelee. Gadoliniamu inayoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 0.04 ya aliyodungwa, na tumbo la mtoto linafyonza kidogo mno hata ya hiyo. Angekuwa mjamzito ningesema wasiidunge.

Ila muulizeni dada swali moja kabla hajalipia: anaweza kulala chali, bapa kabisa, karibu saa nzima, na kushika pumzi sekunde kumi na tano kila anapoambiwa? Kama bado anaweka mito mitatu, picha zitatoka zimetikisika na hela imekwenda. Akaushwe maji kwanza, akiweza kulala mto mmoja ndo aende. Mashine inapiga kelele nyingi, atapewa vya kuziba masikio, na avue vyuma vyote, pini za mtandio pia. Amnyonyeshe mtoto dakika za mwisho kabla ya kuingia, matiti yakijaa mle ndani saa nzima atateseka bure.

Dokta mimi nilipona. EF ilikuwa 32 sasa ni 56, miaka miwili imepita. Nina mtoto mmoja, mume anataka wa pili na mimi nataka. Kila mtu ananitisha. Nizae nisizae? – Mama Junior, Dodoma

Mama Junior, uamuzi ni wako na wa mwenzio, mimi nakupa ninachokijua.

Mwaka 2001 walichapishwa kina mama 44 waliobeba mimba nyingine baada ya ugonjwa huu. Kati ya 28 ambao moyo ulikuwa umerudi kabla ya mimba, kama mmoja kati ya watano alipata tena dalili za moyo kushindwa, hakufa hata mmoja. Kati ya 16 ambao moyo haukuwa umerudi, karibu nusu walipata dalili na watatu walifariki. Kwa hiyo mtu ambaye EF yake bado ipo chini namwambia asibebe, namwambia waziwazi na mume akiwepo. Wewe upo kundi la kwanza. Hatari yako imepungua, haijaisha.

Ningekuwa ndo nakuhudumia, kwanza ningekuomba uendelee na njia ya uzazi kwa sasa, kijiti au kitanzi, sio vidonge vyenye estrojeni manake hivyo vinaongeza kuganda kwa damu. Kama bado unatumia enalaprili tungeiacha kwa mpango, sio wewe kuiacha kimyakimya, halafu tusubiri miezi mitatu hivi tupime eko tena. Kuna mioyo ambayo ile 56 inashikiliwa na dawa, ukiondoa dawa inashuka mpaka 45, na ni heri uligundue hilo tumbo likiwa tupu. Ikibaki palepale, hapo tunazungumza.

Ukibeba, eko mwanzoni mwa mimba, katikati, mwishoni kabla ya kujifungua, kisha kabla hujatoka wodini, wiki ya sita na mwezi wa tatu, hata kama unajisikia vizuri. Ujifungulie hospitali yenye daktari wa moyo na wa uzazi wanaoongea wao kwa wao. Usiku ukianza kuongeza mto wa pili, usingoje tarehe ya kliniki. Na hiyo karatasi yenye 56, itolee kopi uibane ndani ya kadi ya kliniki, manake atakayekupokea leba saa nane usiku huenda hakujui kabisa, na hiyo karatasi ndo itakayomwambia moyo wako ulikuwaje ulipokuwa mzima.